Ile Robo

Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Wahenga hao hao wakasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sasa tushike lipi? Ukitaka kumdharau mtu kwa sababu ya ukoo wake, methali ya kwanza iko tayari mdomoni. Ukitaka kumsema mama kwa sababu ya mwanawe, ya pili nayo iko hapo hapo. Ukizitazama vizuri utaona zote mbili zinatafutiwa kazi moja: kumpata mtu wa kubebeshwa lawama. Ndugu msomaji, swali ninalotaka tulitafakari pamoja ni hili: je, mtu anaweza kulaumiwa kwa alichorithi, au kwa alichorithisha bila kujua?

Swali hili sikulipata kwa wanafalsafa. Nililipata kwenye daftari la Baiolojia.

Kwetu Tanzania hakuna mtihani wa pekee wa kuingilia chuo cha udaktari. Mtihani ni ule ule wa kidato cha sita wa Baraza la Mitihani, na mwenye ndoto ya udaktari huchukua kombi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, na Bam ya kusindikizia. Mimi niliisomea Tabora, katika shule moja ya bweni. Tabora ni mji wenye jina katika mambo ya shule; Nyerere mwenyewe alisoma pale kuanzia 1937 hadi 1942, na wazee wa mtaani hawakubali usahau. Wakikuona na madaftari kwapani watakuambia tu, "Soma kijana, hapa wamepita watu." Unajibu "Ndiyo mzee," unakwenda zako, lakini maneno yanabaki shingoni kama mzigo.

Basi tukapiga msuli. Tulikesha, miguu ndani ya beseni la maji baridi ili usingizi usituibe. Somo la Fizikia lilikuwa na hesabu zake, lakini majinamizi yetu hasa yalikuwa mawili: ogani na jenetiki. Ogani ni ile kemia ya minyororo ya kaboni. Unapewa kitu A, kinachemshwa na tindikali kinageuka B, B inageuka C, halafu unaambiwa ukitaje kila kimoja na umbo lake ulichore. Jenetiki nayo ni habari ya Mendel, yule mtawa wa Brno aliyechapisha matokeo ya njegere zake mwaka 1866: ndefu na fupi, tatu kwa moja, moja kwa mbili kwa moja. Tulizichora boksi za urithi mpaka mkono ukawa unachora wenyewe. Hakuna aliyeuliza ni za nini. Zilikuwa za maksi.

Masomo hayo mawili tuliyasoma kama majirani wasiosalimiana. Kumbe yapo mahali yanapokutana, na hapo ndipo pana mtu.

Mahali penyewe ni ugonjwa wa selimundu. Chembe nyekundu ya damu kwa kawaida ni duara lenye kibonyeo katikati, laini, inapenya hata kwenye mishipa myembamba. Ya mgonjwa wa selimundu hujikunja kama mundu wa kuvunia mpunga. Inakwama, inaziba njia, inavunjika. Ya kawaida huishi siku 120 hivi. Hiyo ya mundu haifikishi hata mwezi. Mgonjwa anapungukiwa damu, anapata maumivu ya mifupa yasiyosimulika, na kila homa ni hatari kwake.

Chanzo chake ni kidogo mno. Ndani ya himoglobini mna minyororo inayoitwa beta, kila mmoja una asidi amino 146. Ya sita katika mnyororo huo inatakiwa iwe asidi glutamiki, ambayo mkono wake una kikundi cha kaboksili kinachopenda maji. Kwa mgonjwa, nafasi hiyo imekaliwa na valini, ambayo mkono wake ni kaboni na haidrojeni tupu, unayakimbia maji kama mafuta yanavyoyakimbia. Himoglobini ikishatoa oksijeni, mikono hiyo isiyopenda maji inatafuta pa kujificha. Molekuli zinashikana, zinajipanga kamba ndefu, na chembe inapinda. Kemia yote ndiyo hiyo. Na sababu ya valini kukaa pale ni herufi moja tu iliyobadilika katika maandishi ya urithi. Jenetiki yote ndiyo hiyo. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kuwa ni himoglobini yenyewe iliyo tofauti. Mwaka huo huo James Neel huko Marekani na E. A. Beet aliyekuwa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, wakaonyesha jinsi inavyorithiwa. Vernon Ingram akaja kuigundua ile asidi amino moja miaka ya 1956 na 1957. Mwenye nakala mbili za herufi hiyo, moja ya baba na moja ya mama, ni mgonjwa. Mwenye nakala moja huitwa mbebaji. Kwa kawaida haumwi chochote, na pengine hajui kama anayo.

Sasa njoo kwenye swali. Katika mazoezi yetu halikukosekana swali la namna hii: mwanamume na mwanamke, wote wabebaji, wanataka kuoana, onyesha uwezekano wa watoto wao, kisha eleza ungewashauri nini. Boksi linachorwa: robo wazima, nusu wabebaji, robo wagonjwa. Hapo hapana ubishi. Ubishi ulikuja usiku mmoja wa prepo juu ya kile kipande cha mwisho. Wengi walisema jibu ni jepesi, wasioane. Mmoja akaongeza kwamba serikali ingepiga marufuku kabisa, ugonjwa uishe, tupumzike. Mwingine akasema kwamba wakioana halafu wakazaa mgonjwa, hiyo ni dhambi yao wenyewe, walijua.

Darasani kwetu alikuwapo mwenzetu mmoja aliyekuwa akipotea wiki nzima, hasa miezi ya kipupwe, Juni na Julai, asubuhi za Tabora zinapouma. Alikuwa na macho ya manjano kidogo. Tulijua anaumwa, hatukuwa tukiulizana. Usiku ule alifunga daftari lake, akasema taratibu, "Nyie mnaiongelea ile robo kama haimo humu ndani. Ile robo ni mimi. Haya niambieni, wazazi wangu walimkosea nani?"

Mmoja akajitetea, "Hatukusemi wewe bwana, tunasema swali."

"Swali ndiyo mimi," akajibu, akafungua tena daftari lake.

Nimelifikiria sana jibu lile, na nataka kulitendea haki, kwa maana kulisifu tu ni rahisi. Mtu akifurahia kuwa hai, hilo halitoshi kuwaambia wachumba wengine wafanye nini. Ambaye hajazaliwa hawezi kulalamika kwamba hakuzaliwa, hayupo. Na mwenzetu mwenyewe hakuwa na mawazo mepesi. Siku nyingine, tukiwa tumekaa chini ya mwembe, aliniambia kwamba yeye akitaka kuoa atamwomba binti wapime kwanza. "Haya maumivu simtakii mtoto wangu," alisema. Ungeweza kudhani anajipinga: usiku ule anawatetea wazazi wake, mchana huu anataka kuepuka walichofanya wao. Mimi naona hajipingi. Naona alikuwa ametenganisha vitu viwili ambavyo sisi tulikuwa tukivichanganya.

Hesabu ya urithi inatazama mbele, haitazami nyuma. Kabla mtoto hajazaliwa, robo ni neno lenye maana: ni uwezekano, na watu wawili wazima wana haki ya kuujua, kuupima, na kuamua wenyewe. Mtoto akishazaliwa robo imekwisha. Hakuna mtoto aliye robo. Aliyeko ni mtu kamili, ana jina, ana usingizi wake na kilio chake, na kilicho juu yetu ni kumtunza. Kosa linakuja tunapoichukua hesabu ya mbele na kuigeuza hukumu ya nyuma: tunasimama mbele ya mtoto aliyekwisha kuja na kuanza kuuliza nani kamleta.

Na swali hilo linaulizwa, msomaji. Linaulizwa sana. Mama mdogo wangu mtoto wake wa kwanza ni mzima, wa pili ana selimundu. Upande wa mume walikaa kikao, wakasema kwao ugonjwa huo haupo, kauleta mwanamke. Likizo moja nikiwa nyumbani, bibi aliniita mbele ya watu. "Wewe mjukuu wangu si ndiyo unasomea udaktari? Hebu tuambie basi, nani kaleta?"

Jibu la kitabu lilikuwa kichwani: wote wawili. Mtoto hapati selimundu ya namna hiyo kwa mzazi mmoja tu, lazima kila mmoja awe ametoa nakala. Nilisema hivyo, na nilifurahi kuona mama mdogo ananyanyua uso. Lakini mara nikamsikia shemeji mmoja akisema, "Kwa hiyo wote wawili wana kasoro." Ona basi. Lawama haikuondoka, iligawanywa tu sawa kwa sawa kama urithi wa shamba. Elimu ilikuwa imesahihisha hesabu ya lawama, lakini haikuigusa lawama yenyewe.

Bibi naye hakuridhika, na mimi nilimwelewa. Swali lake la kweli lilikuwa jingine: kwa nini huyu, asiwe ndugu yake? Wapo majirani waliokuwa na jibu tayari, jicho la mtu. Jibu hilo ni la uongo, tena limewahi kuvunja nyumba za watu, lakini lina utamu wake: linakupa mtu wa kumkasirikia. Sayansi haina mtu wa kukupa. Inakuambia kwamba kila mimba ni bahati mpya, kwamba ile robo haina kumbukumbu na haiendi kwa zamu. Wako wazazi wanaofikiri wakishapata mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata wako salama. Hapana. Kila mtoto anapiga kura yake mwenyewe. Ukiuliza kwa nini kura ikaangukia huyu, sayansi inanyamaza, na daktari mwaminifu naye anyamaze hapo. Nafasi ile tupu haijazwi kwa maelezo, na mama hapaswi kuachwa ndani yake peke yake. Inatakiwa tukae naye.

Hata hivyo, swali jingine la nyuma lina jibu, nalo ni zuri. Herufi hii ilifikaje kwetu, na kwa nini haikupotea, ikiwa zamani wengi walioipata mara mbili walikufa wachanga?

Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alizunguka nchi hiyo akipima damu. Aliona kwamba pwani na karibu na Ziwa Viktoria wabebaji walizidi mmoja katika kila watu watano, lakini nyanda za juu walikuwa karibu hawapo. Nini kipo pwani na ziwani, milimani hakipo? Mbu. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi, sehemu yake kutoka kwa watoto wa karibu na Kampala, kwamba mbebaji ana kinga dhidi ya malaria. Si kinga kamili, lakini inamwokoa asife na ile malaria kali. Mwenye nakala mbili hapati bahati hiyo. Yeye malaria humwangusha upesi kuliko wote.

Nikiwa Tabora jambo hili nililiona kwa macho. Mji ule ulikuwa njia panda ya misafara. Kutoka Bagamoyo njia ilipita Mpwapwa na Ugogo ikafika Unyanyembe, na hapo ikagawanyika: moja kwenda Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika mwaka 1857. Mahali penyewe waliandika Kazeh. Stanley alikaa Kwihara mwaka 1871, na vitabu vya wasafiri hawa vimejaa homa. Shaw, msaidizi wa Stanley, aliugua akarudishwa Unyanyembe, akafia huko. Lakini waliobeba mizigo yao walikuwa Wanyamwezi na Waswahili na wengine wengi, mpagazi mmoja frasila mbili hivi, zaidi ya kilo 30, kichwani au begani. Nao malaria iliwauma. Ila miongoni mwao wapo waliolala na homa wakaamka wakaendelea na safari, kwa sababu damuni mwao mlikuwa na nakala moja ya ile herufi. Hawakujua kwamba wana mzigo mwingine tofauti na ule wa begani. Watafiti wawili, Shriner na Rotimi, walichapisha mwaka 2018 makadirio kwamba herufi hiyo ilizuka mara moja tu, yapata miaka 7,300 iliyopita. Imetembea kuliko msafara wowote.

Aliyenusurika alizaa. Watoto wake wengine waliichukua, wengine hawakuichukua. Kwa hiyo hata mimi na wewe, tuliopima tukaambiwa tuko wazima, pengine tupo hai kwa sababu bibi wa bibi zetu alikuwa mbebaji na homa ikamwacha. Faida tumeigawana sisi wengi. Gharama anailipa yule mmoja, kwa mifupa yake. Sayansi haijui neno deni, hilo ni neno langu mimi. Lakini nauliza: mtu akilipa gharama ya uhai wa ukoo mzima, anapaswa kutazamwa kama kasoro ya ukoo?

Katika misafara, mpagazi akiugua njiani mambo yalikuwa mawili. Ama mzigo wake uligawanywa kwa wenzake, ama aliachwa. Historia ya njia ile ina yote mawili. Sisi nasi tuna nafasi ya kuchagua. Makadirio yanayotumika sana nchini ni kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka Tanzania. Kugawana mzigo wao si mafumbo: ni mtoto kupimwa mapema, kupewa penisilini miaka ya mwanzo, chandarua, asidi foliki, maji ya kutosha, na mwalimu anayejua kwamba mtoto huyu si mvivu. Muhimbili, Profesa Julie Makani na wenzake walianza mwaka 2004 kuwafuatilia wagonjwa mmoja mmoja, kwa miaka, na kazi kama hiyo ndiyo inayomfanya mgonjwa aonekane kuwa mtu mwenye kesho.

Hapa ile ogani iliyotutesa inarudi. Somo lake la kwanza ni Wöhler, ambaye mwaka 1828 alitengeneza urea, kitu cha mkojo wa wanyama, kutokana na chumvi ya maabara. Sisi tulikariri jina na mwaka, tukapita. Sasa chukua urea, ongeza atomi moja tu ya oksijeni: unapata haidroksiurea. Dawa hii iliidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa watu wazima wenye selimundu. Mwaka 2019 yakachapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda: watoto wa Afrika walioitumia walipata maumivu machache, malaria kidogo, na vifo vilipungua. Kwa upande mwingine, tiba ya kurekebisha jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023 iliwekewa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kwa hiyo usidhani swali la maadili limekwisha pale sayansi inapojibu. Hapo limeanza upya: nani atapewa, nani ataachwa njiani?

Nirudi kwa wale wachumba. Wasioane? Mimi sina mamlaka ya kuwakataza, wala mtahini hana. Ninachodai ni kwamba wapime kabla, waambiwe ukweli wote, wapewe muda, na wakiamua kuachana wasichekwe, wakiamua kuoana wasilaaniwe. Na mtoto akija, jamii isiwaendee na swali la nani kaleta. Mgonjwa wa kwanza kuandikwa katika majarida ya kitabibu ya Magharibi, mwaka 1910 huko Chicago, alikuwa Walter Clement Noel, kijana wa kisiwa cha Grenada aliyekuwa akisomea udaktari wa meno. Alimaliza masomo, akarudi kwao akatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1916. Kwenye boksi la Mendel ni robo. Kwa watu wa Grenada alikuwa daktari wao wa meno.

Ninyi mnaokesha sasa hivi na miguu ndani ya beseni, karirini. Mtahini anataka uwiano, mpeni uwiano wake na msikosee, maana bila huo hamtafika wodini. Lakini mkifika, ataingia mama amembeba mtoto anayelia mifupa, na nyuma yake watu wa ukoo wanaotaka kujua ni nani. Usianze na boksi. Anza kwa kumwuliza mtoto anaumwa wapi.